Sura ya Saba: Presha ya Oili Inaposhuka

Presha ya oili ndani ya injini haitoki kwenye pampu. Kazi ya pampu ni kusukuma oili tu. Presha huzaliwa pale oili hiyo inapofika kwenye njia nyembamba na kulazimika kujipenyeza. Njia zenyewe ni nafasi zilizo kati ya krenki na beringi zake, kati ya kamshafti na mahali inapolalia, pamoja na vitundu vinavyorusha oili kwenye kuta za silinda. Zikiwa bado nyembamba kama zilivyotoka kiwandani, oili hubanwa na presha husimama. Zikishalika, oili hutiririka ovyo na presha hushuka, hata pampu iwe mpya iliyofungwa jana. Fundi anayenunua pampu kila taa nyekundu inapowaka mara nyingi huwa anatibu kiungo kisichouma.

Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akipima beringi za ekseli za treni. Alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke chombo cha kutilia oili, lakini ekseli ilipozunguka, oili ilipanda na kumwagika kupitia tundu hilo. Akaliziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Akaweka cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga geji, mshale ulipita mwisho wa kipimo chake, psi 200. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza kwa hesabu kilichokuwa kikitokea: mhimili unaozunguka huiburuta oili na kuisokomeza kwenye upande mwembamba wa nafasi, na oili iliyobanwa hivyo huuinua mhimili ukaelea, chuma kisiguse chuma. Kwa hiyo mzigo wa pistoni haubebwi na presha inayosomwa kwenye geji ya gari. Geji hutoa ushahidi tu kwamba oili inafika kwenye beringi kwa wingi unaotosha. Ndiyo maana injini iliyotulia inaweza kuishi salama kwa presha ambayo mwenye gari akiiona hushtuka.

Nafasi zinazozungumzwa ni ndogo mno. Katika injini nyingi ndogo za Kijapani, beringi za krenki huachiwa kati ya milimita 0.02 na 0.05 hivi, pungufu ya unene wa unywele. Na hesabu ya uvujaji wake haina huruma: kiasi cha oili kinachopenya huongezeka kwa kipeo cha tatu cha upana wa nafasi. Nafasi ikiwa maradufu, oili inayotoroka haiwi mara mbili, huwa mara nane. Gari linaweza kutembea miaka ishirini bila dalili yoyote, kisha taa ikaanza kupepesa ndani ya miezi michache, na mwenyewe akadhani pana kitu kimevunjika ghafla.

Gari la zamani katika barabara za Hurlingham

Mazingira ambamo gari hutumika huamua mengi, na mtaa wa Hurlingham, Nairobi, ni mfano mzuri wa mazingira magumu yanayoonekana mepesi. Kutoka Argwings Kodhek Road hadi katikati ya jiji la Nairobi ni kilomita chache tu. Injini huwashwa asubuhi ya baridi, hutambaa kwenye foleni, huzimwa kabla oili haijapata joto la kutosha, na jioni mambo ni yale yale. Mvuke wa maji na petroli isiyoungua ambavyo safari ndefu ingevikausha hubaki kwenye oili, na taratibu hujenga tope jeusi ndani ya sampu na chini ya kifuniko cha valvu. Kilomita kwenye dashibodi huonekana chache, lakini saa ambazo injini imenguruma ikiwa imesimama ni nyingi, na saa hizo hazihesabiwi na chombo chochote ndani ya gari.

Kuna jambo la pili ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa nchi za nyanda za chini havilitaji. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 15 kuliko Mombasa. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani, ikiletwa Nairobi bila kurekebishwa, hutoa petroli nyingi kuliko hewa inayoingia. Petroli ya ziada huteremka ukutani mwa silinda, hupita kwenye ringi na kuingia kwenye sampu. Katika Datsun 1200 pikapu na magari mengine ya enzi hizo yenye pampu ya petroli iliyofungwa ubavuni mwa injini, mlango wa pili upo: utando wa mpira wa pampu hiyo ukipasuka, petroli humwagikia moja kwa moja kwenye oili. Oili iliyochanganyika na petroli hulegea kama uji uliotiwa maji, na presha huanguka ingawa hakuna beringi iliyolika.

Gari la zamani Kenya pia lina historia ndefu ya hapa hapa. Sheria ya uagizaji hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, hivyo Toyota 110 ya mwaka 1998 inayopita mbele ya Yaya Centre leo imekwisha kupitia mikono mingi ya mafundi nchini. Oili kiasi gani ilitiwa, ya aina gani na kwa muda gani, kwa kawaida hakuna aliyeandika. Uchunguzi lazima uchukulie kwamba kila lililofanywa zamani linaweza kuwa lilifanywa vibaya.

Taa inasema nini

Taa nyekundu yenye picha ya birika la oili huendeshwa na swichi ndogo iliyokazwa kwenye bloku ya injini. Presha ikiwa chini, swichi huunganisha waya na bodi ya gari na taa huwaka. Presha ikipita kiwango fulani, ambacho kwa magari mengi ni kati ya bar 0.2 na 0.5, swichi hukata na taa huzimika. Hiyo ndiyo akili yake yote. Taa iliyozimika haisemi kwamba presha ni nzuri. Inasema tu kwamba imepita kiwango hicho cha chini. Injini inayokwenda kasi huku presha ikiwa bar 0.8, ambayo kwa mwendo huo ni ya hatari, itakwenda hivyo hivyo bila taa kuonya. Na kwa upande mwingine, swichi ya bei ndogo iliyochoka inaweza kuwasha taa juu ya injini yenye afya kamili.

Kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Ufunguo ukizungushwa kabla injini haijawaka, taa lazima iwake. Isipowaka, balbu imeungua, waya umekatika, au kuna mtu ameichomoa kwa makusudi, jambo ambalo mnunuzi wa gari kuukuu anafaa kulitazama kabla ya kuuliza bei. Ikiwa taa haizimiki kamwe, waya uchomolewe kwenye swichi. Taa ikiendelea kuwaka hata baada ya waya kuchomolewa, waya umechubuka mahali na kugusa bodi. Injini haina kosa. Kichwa cha swichi kikiwa kimelowa oili kwa ndani, swichi imekwisha, ibadilishwe kabla ya lolote lingine.

Wakati ambao taa huwaka hueleza zaidi kuliko taa yenyewe. Ikichelewa kuzimika sekunde kadhaa asubuhi huku injini ikitoa mkwaruzo, kisha ikawa sawa kutwa nzima, filta haina ile valvu ya mpira inayozuia oili kurudi chini usiku, au inayo lakini imekakamaa. Ikipepesa tu gari likiwa moto kwenye foleni, na kuzimika pedali ikiguswa, mashaka yanaelekea kwenye oili nyepesi, mwendo wa injini ulioshushwa mno, au beringi zilizoanza kulika. Ikiwaka gari linapopanda Valley Road au linapokata kona kwenye mzunguko wa barabara, oili imepungua na imekimbilia upande mmoja wa sampu, hivyo chujio la waya lililo ndani ya sampu linanyonya hewa. Ikiwaka injini ikiwa na kasi na kuzimika inapopunguzwa, chujio limeziba.

Ikiwaka safarini na kubaki inawaka, injini izimwe. Hili halina mjadala wala haliruhusu kusogea hadi petroli stesheni inayofuata. Gia iwekwe huru, gari liongozwe kando, injini izimwe bila kuchomoa ufunguo ili usukani usijifunge, na dereva ajue kwamba breki na usukani vitakuwa vizito bila msaada wa injini. Beringi inayozunguka bila oili huharibika kwa dakika chache, na gharama ya gari la kuvuta ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kusaga krenki.

Kijiti, kidole na pua

Kazi huanzia kwenye kijiti cha kupimia. Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe na kuachwa dakika tano hadi kumi ili oili irudi chini, kijiti kifutwe, kirudishwe hadi mwisho, kisha kisomwe. Kipimo kinachochukuliwa kwenye mteremko wa petroli stesheni, injini ikiwa imezimwa dakika hiyo hiyo, ni cha uongo. Kwa injini nyingi ndogo, tofauti kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita 1. Oili iliyozidi nayo ni tatizo, na wengi hawaliamini hili: krenki ikianza kuichapa, oili huwa povu, na povu lenye hewa ndani haliwezi kushika presha.

Kisha tone moja liwekwe kati ya kidole gumba na cha shahada. Oili nzuri, hata ikiwa nyeusi, huteleza na kuvutika kidogo vidole vinapoachana. Iliyochanganyika na petroli haina mvuto huo na harufu yake hujitangaza yenyewe. Katika hali hiyo kabureta na pampu ya petroli vichunguzwe kwanza, oili imwagwe na kuwekwa mpya, kisha presha ipimwe tena. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti ina maji ya radieta, na gasketi ya hedi ndiyo mshukiwa. Utando mdogo wa rangi hiyo chini ya kifuniko cha kujazia, huku kijiti kikiwa safi, mara nyingi ni mvuke wa safari fupi tu.

Namba zilizoandikwa kwenye mtungi zina uzito wake. Kwa kipimo cha kimataifa cha SAE, oili inayoishia 30 ikiwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi huwa na mnato kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, inayoishia 50 huwa kati ya 16.3 na 21.9. Oili ya namba 20, iliyotengenezewa magari mapya yenye nafasi finyu, iko chini ya 9.3. Gari la zamani lililotiwa oili ya namba hiyo, kwa kuwa fundi alibakisha mtungi wa gari la mteja mwingine, linaweza kuwasha taa siku hiyo hiyo bila kuugua. Usiku wa Nairobi mara chache hushuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo 20W-50 si dhambi kwa injini ya miaka ya themanini au tisini yenye kilomita nyingi. Lakini ipimwe kwanza, ndipo iamuliwe. Kutia oili nzito, au dawa za kuongeza unene, ili taa izimike kabla ya kujua ugonjwa ni kumnyamazisha shahidi.

Oili feki ni balaa jingine. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu 2008 na mamlaka ya kuisimamia, lakini mtungi wenye nembo nzuri bado unaweza kuwa na oili iliyochujwa tu na kurudishwa sokoni. Kifuniko chenye muhuri uliokatwa, lebo iliyopinda na bei isiyoeleweka vitosheleze kumfanya mnunuzi aondoke. Filta bandia huumiza zaidi kwa sababu kasoro yake imefichwa ndani ya kopo.

Geji

Sasa ndipo kipimo halisi kinapokuja, na hakuna fundi anayepaswa kufungua injini kabla yake. Swichi huondolewa na mahali pake hufungwa geji ya mshale yenye mpira mrefu. Hapa pana mtego. Magari mengi ya Kijapani yana tundu la swichi lenye nyuzi za kipimo cha Uingereza, 28 kwa kila inchi; geji nyingi zinazouzwa zina kiungo cha Kimarekani, nyuzi 27. Kwa macho vinafanana, na kiungo kisicho chake huingia mizunguko miwili ya kwanza bila kinyongo. Kikilazimishwa kwa spana, hupasua nyumba ya alumini, na gari lililoletwa kwa taa linaondoka likivuja. Kiungo kiingie kwa vidole mpaka karibu na mwisho, la sivyo kitafutwe kingine.

Injini ipate joto kamili. Dakika tano za kunguruma uani hazitoshi. Gari liendeshwe, mathalani kwa Ngong Road hadi Dagoretti Corner na kurudi, kwa kuwa oili huchelewa kupata moto kuliko maji. Halafu namba nne ziandikwe: injini ikiwa baridi, ikiwa moto na imetulia, kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, na kwa 3,000. Urefu wa Nairobi hauhitaji hesabu yoyote hapa, kwani geji husoma tofauti kati ya presha ya oili na ya hewa iliyopo.

Mwongozo wa ufundi wa Toyota kwa injini za familia ya A, kama 4A-FE, unataka angalau kilopaskali 29 injini ikiwa imetulia, yaani bar 0.3 tu au psi 4.3, na kati ya kilopaskali 245 na 490 kwa mizunguko 3,000, sawa na psi 36 hadi 71. Takwimu hizi zinafaa kubandikwa ukutani mwa kila gereji. Toyota 110 inayosoma bar 0.8 ikiwa moto na imetulia, kisha bar 3 kwa mizunguko 3,000, ni nzima. Injini zilizofunguliwa kwa sababu mtu aliona bar 0.8 akaogopa zimegharimu wenyewe fedha ambazo hazikuwa na haja ya kutumika. Kwa injini zisizo na mwongozo mkononi, mafundi hutumia kanuni ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Inafaa kama dira, haifai kama hukumu.

Presha ya chini injini ikitulia lakini nzuri kwa kasi huonyesha oili nyepesi au nafasi zilizopanuka kidogo. Ya chini kila mahali humaanisha pampu imelika, valvu ya kupunguza presha imekwama wazi, au beringi zimekwisha. Inayoanza vizuri kisha ikashuka kasi inaposhikiliwa, mshale ukitetemeka, humaanisha pampu inanyonya hewa: chujio limeziba, au oili imekwama juu kwenye hedi kwa sababu matundu ya kurudia chini yamejaa tope.

Kabla ya sampu kuteremshwa, filta ya zamani ikatwe. Kopo likatwe kwa msumeno karibu na mdomo wake, vumbi la msumeno lifutwe, karatasi ikunjuliwe na kukamuliwa, kisha itandazwe juani. Vipande vinavyong'aa na kunaswa na sumaku ni chuma, huenda cha krenki, kamshafti au gia za pampu. Visivyonaswa, vyeupe kama fedha, ni alumini au tabaka la juu la beringi. Vyenye rangi ya shaba ni habari mbaya kuliko zote kwa beringi za aina hiyo: tabaka la juu limekwisha, na krenki sasa inakula safu ya ndani. Karatasi hiyo moja humwambia fundi mengi ambayo saa mbili za kusikiliza injini haziwezi kumwambia.

Chini ya sampu

Sampu ikishuka, jicho liende kwanza kwenye chujio la waya. Hapa Nairobi chujio hilo lina maadui wawili. Wa kwanza ni silikoni. Fundi anayefunga sampu kwa kupaka silikoni nene badala ya utepe mwembamba huacha nusu yake ikitokeza kwa ndani. Ikikauka, hukatika vipande vya rangi nyekundu, buluu au kijivu vinavyosafiri hadi kwenye chujio na kukaa hapo. Wa pili ni matuta. Sampu iliyogonga tuta au jiwe hubonyea kuelekea juu, na pengo kati yake na mdomo wa chujio, lililokuwa la kupitisha kidole, likabaki la kupitisha karatasi. Injini kama hiyo hukosa oili kwa kasi ingawa kila kilicho ndani ni kizima. Kunyoosha sampu na kusafisha chujio hutosha.

Hiyo pia ndiyo sababu ya kutoamini dawa za kuoshea injini yenye tope zito. Dawa hulainisha tope lote kwa pamoja na kulipeleka mahali pamoja, yaani kwenye chujio. Sampu iteremshwe, tope likwanguliwe kwa mkono.

Valvu ya kupunguza presha ni pistoni ndogo yenye springi, inayofunguka presha ikizidi. Chembe moja ya mchanga huweza kuikwamisha wazi, na oili ikarudi sampuni badala ya kwenda kwenye beringi. Itolewe, ioshwe, iteleze kwa uzito wake yenyewe ndani ya tundu lake. Kuvuta springi iwe ndefu au kuweka washa nyuma yake hakuongezi presha ya chini hata kidogo. Huongeza tu ile ya juu injini ikiwa baridi, na hupasua filta.

Pampu hutofautiana kwa kazi. Ya Datsun 1200 iko nje, ubavuni, na hutoka kwa boliti chache. Ya Toyota za familia ya A imezunguka pua ya krenki nyuma ya mkanda wa taiming, kwa hiyo anayeifikia na asibadilishe sili na mkanda kwa wakati huo huo atairudia kazi. Pampu yoyote iliyofunguliwa isifungwe ikiwa kavu: gia zake zijazwe vaselini safi, kwa sababu gia kavu zenye hewa katikati haziwezi kuvuta oili kutoka sampuni, na injini itazunguka bila kitu.

Yakiwa haya yote mazima na geji bado inasoma chini, zimebaki beringi. Injini inayogonga husaidia kutambua zipi. Mlio mkavu wa kugonga unaopungua kebo ya plagi ya silinda moja ikichomolewa ni wa beringi ya mkono wa pistoni hiyo; mdundo mzito wa chini, unaokuja gari likivuta mzigo, ni wa beringi kuu. Kofia za beringi zifunguliwe, na nafasi ipimwe kwa uzi laini wa plastiki unaobanwa kati ya beringi na krenki, kisha upana wake ulinganishwe na vipimo vilivyochapwa kwenye karatasi yake. Krenki ikiwa laini na ya duara, beringi mpya za kipimo cha kwanza hutosha. Ikiwa na mikwaruzo inayoshika ukucha, ipelekwe kusagwa, na beringi zinunuliwe za kipimo kinacholingana: mafundi husema ten, twenti, thati. Zinunuliwe baada ya krenki kusagwa, kamwe si kabla.

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri hufia. Krenki ina mifereji ya oili ndani yake, na kusaga huacha unga wa chuma na wa jiwe humo. Vizibo vya mifereji visipotolewa na mifereji ikasuguliwa kwa brashi, mafuta ya taa na hewa ya kompresa, unga huo utakuwa kitu cha kwanza kuingia kwenye beringi mpya. Injini hurudi gereji baada ya wiki chache, na lawama hupewa beringi.

Wengine huamua kununua injini ya mtumba huko Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan, badala ya kusaga. Kwa Toyota ya kawaida huenda ikawa uamuzi wa busara, mradi injini hiyo iwashwe na ipimwe kwa geji kabla fedha hazijatolewa. Kwa Peugeot 504 iliyohifadhiwa vizuri, yenye bloku yake ya asili, kusaga ni bora. Bloku nzuri za 504 hazipatikani kila siku.

Oili chafu iliyotoka isimwagwe mtaroni. Mitaro ya mitaa hii huteremka hadi mito midogo kama Kirichwa Kubwa, inayopita kwenye Arboreti na kuingia Mto Nairobi. Ihifadhiwe kwenye mtungi na kupelekwa kwa wanaoikusanya.

Baada ya matengenezo, namba nne zile zile zipimwe tena kwa geji ile ile, na oili ya kwanza na filta vibadilishwe baada ya kilomita 500, filta hiyo nayo ikatwe na kutazamwa. Namba, tarehe na aina ya oili viandikwe kwenye karatasi na kubandikwa chini ya boneti. Mwenye gari aidai karatasi hiyo kabla ya kulipa.